Boti Nyembamba Iliyonirudisha Barabarani

Assalaam aleikum wote mlioitikia, na ninyi ndugu zangu mnaosalimiana kwa jina la Bwana, amani iwe kwenu vilevile. Haya, nimesimama. Mwenyekiti wetu ameniomba jambo hili tangu kabla ya Ramadhani, na kila Ijumaa nimekuwa nikikaa karibu na mlango, akianza tu kuangaza macho kutafuta mtu wa kusema, mimi nimeshatoka kwenda kuvuta hewa. Leo amewahi kukaa mlangoni yeye. Cheka tu, dada, najua ni wewe uliyemshauri.

Majina ya watu sitataja. Wengine wenu mtawatambua, kaeni nayo moyoni.

Mimi ni dereva. Kwetu ni Korogwe, mkoa wa Tanga. Nilianza utingo kwenye malori ya mkonge, nikapewa usukani nikiwa sijaota ndevu vizuri, na tangu hapo sijawahi kufanya kazi nyingine. Nilipofika Doha niliajiriwa na mzee mmoja Mwingereza, mhandisi, aliyekaa hapa miaka mingi mpaka Kiarabu chake cha mtaani kikawa kizuri kuliko changu mimi niliyesoma madrasa. Mkewe alikuwa ameshafariki. Tuliishi Al Wakrah, yeye ndani, mimi chumba cha nje, na dada mmoja Mkenya aliyekuwa akipika na kutunza nyumba. Huyo dada yupo humu leo. Amejificha nyuma ya nguzo, lakini kiatu chake nakiona.

Kazi ilikuwa nzuri. Mzee alikuwa mtu wa utani, ananiita sadiki, Kiarabu cha rafiki yangu, asubuhi akitoka na kikombe chake cha chai ananiambia, "Yalla, sadiki, leo tusigonge ngamia." Mimi nilikuwa najivuna. Nilikuwa nasema kwa mdomo wangu huu kwamba gari ni kama mwili wangu wa pili.

Nilikuwa na rafiki Mganda, mlinzi kwenye jengo moja la maduka. Tulifahamiana kwenye msururu wa kutuma hela, tukawa ndugu. Alikuwa hajaenda kwao muda mrefu, na hatimaye alipata likizo. Mzee akaniruhusu nimpeleke uwanja wa ndege kwa gari lake. Nilimchukua Al Wukair baada ya Maghribi. Alikuwa na sanduku moja limejaa mablanketi, limefura hata zipu ikagoma, tukalifunga kwa kamba. Njiani anacheka, anasema, "Mke wangu ataniuliza, umeenda jangwani kununua mablanketi?" Nikamjibu mwambie ndiyo, jangwani ndiko yanakobaki, kwa joto la huku hakuna anayeyataka. Akacheka zaidi.

Ndugu zangu, nawaambia, alikuwa katikati ya kicheko. Gari lililokuwa likija upande wa pili lilipanda ukingo wa katikati ya barabara likaja kwetu. Sikuona gari. Niliona taa mbili, nyeupe, zikakua, zikajaa kioo chote. Baada ya hapo nakumbuka dari la hospitali.

Mimi nilivunjika mtulinga na mbavu. Rafiki yangu alirudi Uganda kwa ndege nyingine, ndani ya sanduku la mbao.

Polisi walipima barabara, wakatazama kamera, wakasema sina kosa. Mzee alikuja hospitali, akakaa kwenye kiti mpaka muda wa wageni ukaisha. Mfupa ukaunga. Daktari akaniambia rudi kazini. Nami nikasema alhamdulillahi, nimepona.

Sasa sikilizeni. Siku ya kwanza ya kurudi kazini nilikaa kwenye kiti cha dereva cha gari jingine alilopata Mzee, nikaweka ufunguo, na mkono ukakataa kuuzungusha. Sikuwa na maumivu. Mkono ulikuwa pale, nauona, nauambia zungusha, hauzunguki. Jasho likanitoka mpaka shati likaganda mgongoni. Nikashuka. Nikamwambia Mzee betri imekufa, nikamwitia teksi.

Kesho yake nikasema tairi. Keshokutwa nikasema gari linahitaji fundi. Dukani nikawa naenda kwa miguu, jua la mwezi wa tatu, wapita njia wananishangaa. Usingizi ukaniishia. Chakula kikawa kama mchanga. Nyumbani Korogwe mke wangu akipiga simu namwambia kazi ni nyingi. Nani kati yenu hajawahi kusema hivyo?

Kuna mchana dada yetu alinikuta uani, nimekaa ndani ya gari, injini imezimwa, madirisha yamefungwa. Nilikuwa najaribu tu kukaa. Akagonga kioo.

"Uko na shida gani?"

"Sina shida, dada. Napumzika."

"Unapumzika ndani ya gari, na hii jua? Bana, usinidanganye. Nimekuangalia wiki nzima. Unabeba mchele kutoka dukani kwa kichwa na gari iko hapa imelala."

Nikamwambia aniache. Hakuniacha. Alifungua mlango, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka jikoni, akaniwekea uji. "Kunywa. Halafu utaniambia ukweli." Nikanywa, nikamwambia. Mwanamume mzima, nalia juu ya bakuli la uji.

Nilimwomba asimwambie Mzee. Mnajua wenyewe, dereva asiyeendesha hana kazi, na asiye na kazi hana kibali cha kuishi hapa. Lakini jioni ileile alimwambia. Nilimkasirikia, nikaacha kumsalimia. Dada, nisamehe, ulikuwa unaniokoa na mimi nakununia.

Mzee aliniita sebuleni. Nilikwenda nikiwa nimeshajiandaa kusikia habari ya tiketi. Akasema, "Sadiki, kaa." Nikakaa. "Tangu lini?"

"Tangu ajali, Mzee."

"Nilidhani hivyo. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe." Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu. Ulikuwa unatetemeka. Nilikuwa nimewahi kuona kikombe kikigonga sahani, nikadhani ni uzee. Akasema, "Daktari ameniambia jina la ugonjwa huu. Haurudi nyuma, unakwenda mbele tu. Nina boti kwetu Uingereza, mimi na mke wangu tulikuwa tukikaa humo kila likizo ya kiangazi. Nataka nisafiri nayo mara moja zaidi, halafu nimkabidhi binti yangu. Peke yangu siwezi. Twende wote."

Nikamwambia, "Mzee, mimi siwezi kuendesha hata baiskeli."

Akacheka. "Boti hii, mtu anayetembea na mbwa wake anaipita. Mimi natetemeka, wewe unatetemeka. Tukiunganisha mikono yetu labda atapatikana dereva mmoja mzima."

Binti yake alipinga. Alipiga simu, Mzee akaweka sauti ya wazi, nikamsikia: "Baba, unamchukua mgonjwa akamuuguze mgonjwa?" Mzee akamjibu, "Ndiyo. Mzima hana muda na mimi." Makaratasi ya ubalozi yakachukua siku zake, na mwezi wa tano tukapanda ndege.

Sasa mimi nilikuwa nawaza boti kama zile za kitalii mnazoziona ufukweni huku, nyeupe, zinang'aa. Nilipofikishwa kando ya mfereji nikaoneshwa kitu kama behewa la treni lililoangukia majini. Refu, jeusi chini, kijani ubavuni, na jembamba kiasi kwamba nikisimama katikati na kunyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Ndani kuna kila kitu kimepangwa kwa mstari: jiko, meza, jiko la makaa la kupasha joto, choo, kitanda, kitanda. Mtu akitaka kupita, mwenzake lazima akae. Waingereza walichimba mifereji hiyo zamani kubeba mizigo, makaa ya mawe na vyungu, boti zikivutwa na farasi. Siku hizi watu wanaishi humo. Kuna wazee, kuna vijana walioshindwa kodi za mjini, kuna mama mmoja nilimkuta anafuga kuku juu ya paa la boti.

Na baridi! Mwezi wa tano, ndugu zangu, lakini asubuhi unatoka unajikuta ndani ya friji ya nyama. Ninyi mnaolalamika hapa kwamba AC ni kali, nyamazeni.

Siku ya kwanza nilianguka majini. Nilikuwa nimeshika kamba, boti ikasogea, mguu mmoja huku mmoja kule, mara nimo ndani. Nikapiga kelele, nakufa, nakufa, nikapiga mikono, nikasoma shahada. Mzee akaniita kutoka juu, "Sadiki! Simama!" Nikasimama. Maji yalikuwa ya kiunoni.

Basi, cheka, cheka. Na mimi nilicheka siku ile, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali.

Tukagawana kazi. Mzee anakaa nyuma kwenye kiti kirefu, anashika usukani. Usukani wenyewe ni mkono mrefu wa chuma, na unakwenda kinyume: ukiusukuma kushoto, boti inageuka kulia. Mimi nilisema wazi kwamba sitaugusa, naye hakunilazimisha. Kazi yangu ikawa kamba, maji ya kunywa, kumwaga choo, kukoka moto, na ile milango.

Hiyo milango niwaeleze kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoanza kunirudishia nguvu. Mfereji hauwezi kupanda kilima. Kwa hiyo walijenga vyumba vya maji, kila kimoja na milango mikubwa ya mbao mbele na nyuma. Boti inaingia chini, unafunga nyuma yake, unafungua tundu kwa spana kubwa ya mkono, maji yanaingia, boti inapanda polepole kama mtu anayeinuliwa kitandani. Maji yakilingana pande zote, unaegemeza mgongo kwenye boriti ya mlango, unasukuma. Mwanzoni hausogei hata kidogo. Ukiwahi kusukuma kabla maji hayajalingana, hata muwe watu wangapi, haufunguki. Ukisubiri, unaanza kwenda taratibu wenyewe, na unaweza kuusukuma huku unawaza mambo mengine. Jioni mgongo ulikuwa unauma maumivu matamu, nikala, nikalala. Nililala, jamani! Kwa mara ya kwanza nikalala mpaka bata wakaniamsha, wanagonga ubavu wa boti kutafuta mkate.

Swala nayo ilikuwa na vituko vyake. Mfereji unapinda kama nyoka, kila tukifunga boti kibla kimehamia upande mwingine. Nilikuwa natoka na mkeka na simu ya kunionesha upande, natandika kwenye majani kando ya njia. Siku moja mbwa wa watu alikuja akalala juu ya mkeka wangu, na mwenyewe akaja mbio anaomba radhi, uso umemwiva. Nikatandika mwingine. Baadaye akaniletea mayai. Watu wa mifereji ni watu wa salamu. Kila boti inayopita, mkono unapungwa: habari za asubuhi. Hawakuuliza mimi nani, natoka wapi. Waliuliza tu kama mlango wa mbele tumeuacha wazi au tumefunga.

Jioni moja, tumefunga boti chini ya miti, Mzee akaniuliza, "Yule rafiki yako alikuwa mtu wa namna gani?" Hakuniuliza juu ya ajali. Aliniuliza juu ya mtu. Nikaanza kueleza: alikuwa anapenda ndizi, alikuwa haimbi vizuri lakini anaimba, alikuwa na binti aliyemwacha anatambaa. Nikaendelea mpaka moto ukapungua. Naye akanieleza habari za mkewe, kwamba yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa boti ile, na Mzee kazi yake ilikuwa kupika, na kupika kwenyewe hajui. Tangu jioni ile tukawa tunawazungumza kila siku, kama watu waliotangulia kwenda sokoni.

Lakini mikono ya Mzee ilikuwa inazidi. Siku nyingine boti ilipiga ukingo, siku nyingine ikaparuza boti ya watu iliyofungwa, tukaomba radhi. Nilikuwa naona anauma meno. Nami nilikaa karibu yake, mikono yangu mfukoni, nikiomba Mungu tufike salama ili nisiombwe.

Ndipo tukafika kwenye handaki. Mfereji ukikuta mlima mkubwa usioweza kupandwa kwa milango, walitoboa mlima. Unaingia upande huu kwenye shimo jeusi, unatokea upande wa pili, na kule ndani boti mbili zinaweza kupishana, karibu zigusane. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka. Mzee akaniambia niwashe taa ya mbele, na taa zote za ndani, nifungue mapazia, mwanga umulike kuta. Akapiga honi. Tukaingia.

Giza likatumeza, na baridi. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka juu kwenye matofali, yanaingia shingoni. Injini inaunguruma, sauti inarudi mara mbili mbili. Nikageuka nyuma, mlango tulioingilia umeshakuwa mdogo kama sarafu. Tulikwenda, tukaenda. Katikati ya mlima Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Sadiki, mkono umenigoma. Shika."

Nikasema, "Mzee, siwezi."

"Najua. Shika hivyohivyo."

Boti ikaanza kuuelekea ukuta. Nikashika. Chuma kilikuwa cha baridi, na kinatetemeka kwa injini, hivyo sikujua nani anatetemeka, mimi au chuma.

Na hapo, ndugu zangu, mbele yangu ikatokea taa.

Mwanzo ilikuwa nukta. Nikajidanganya kwamba ndio mwisho wa handaki. Lakini ikakua. Nyeupe. Ikakua. Masikio yakaziba, nikaanza kusikia kile kicheko, na mablanketi, na kioo. Kila kiungo kiliniambia ruka. Kuruka kwenda wapi? Gizani? Nikafumba macho.

Mzee akanishika bega, bega la upande uleule uliovunjika. Akaniambia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeomba chumvi: "Usiitazame taa. Fumbua macho, tazama ukuta wako wa kulia. Punguza mwendo. Taa haikuhusu. Ukuta wako ndio unaokuhusu."

Nikafumbua. Nikatazama ukuta. Mwanga wa madirisha yetu ulikuwa unamulika matofali, naona moja moja, lenye ukungu, lililopasuka, lenye mizizi. Nikapunguza. Nikasukuma usukani kidogo kushoto, boti ikasogea kulia, ikakaa. Tofali. Tofali lingine. Taa ikawa kubwa sana, ikanigusa shavu la kushoto, naiona kwa pembeni, siigeukii. Nasema Bismillah kwa kila tofali.

Boti zikagusana. Mlio mdogo tu, ubavu kwa ubavu, chuma na chuma, kama mtu anayekugusa apite kwenye msongamano. Taa ikanipita. Nyuma yake giza likarudi, na ndani ya giza hilo, hatua moja tu kutoka kwangu, alikuwa amesimama mama mmoja kwenye usukani wa boti yake, amevaa koti la mvua, mkono mmoja ana kikombe cha chai. Akaniambia, "Habari za asubuhi!"

Basi. Hivyo tu. Habari za asubuhi.

Nikamjibu, "Nzuri, mama!" Kwa Kiswahili! Sijui alielewa nini. Akapita.

Nikaendelea kushika mpaka tukatoka upande wa pili. Mwanga wa kule sitausahau, majani mabichi, ndege wanalia. Mzee akasema tufunge boti. Nikafunga kamba, nikakaa kwenye majani, nikalia kilio ambacho sijawahi kulia, hata hospitali sikulia hivyo. Mzee akakaa kwenye kiti chake, ananisubiri. Nilipomaliza akasema, "Khalas?" Nikasema khalas. Akasema, "Basi weka chai. Na kuanzia leo wewe ndiye nahodha, mimi nitapika." Nikamwambia Mzee, chochote ila kupika.

Siku ileile nilimpigia simu mjane wa rafiki yangu, kule Uganda. Sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya pole. Nilimwambia mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Akasema, "Najua. Nimekuwa nikisubiri unipigie." Kisha akaniuliza swali moja: "Alikuwa anasema nini mwishoni?"

Nikamwambia, "Alikuwa anacheka. Alikuwa anakusema wewe na mablanketi."

Nikasikia naye anacheka, na analia, vyote pamoja. Akasema, "Ni kweli ningemuuliza hivyo." Akaniambia kwamba watu wote walimpa pole, lakini hakuna aliyemwambia kwamba mumewe alikuwa na furaha.

Msimu wote uliobaki niliendesha mimi. Nilijifunza kugeuza boti ndefu mahali pafinyu, kurudi nyuma kwenye upepo, kuingia kwenye chumba cha maji bila kugusa ukuta. Haya, bila kuugusa sana. Tulipofika mahali ambapo binti ya Mzee alikuwa akitungoja, alisimama ukingoni, mikono kifuani, ananitazama nikiisogeza boti mpaka ikatulia miguuni pake. Akamtazama baba yake, aliyekuwa ameiva uso kwa upepo, amenenepa. Akaniambia, "Nilimwambia asikuchukue."

Nikamwambia, "Nilisikia."

Akacheka, akanikumbatia. Mnajua sisi hatujazoea. Nikasimama kama nguzo.

Mzee hakurudi Doha. Ugonjwa ulimlazimisha abaki na binti yake. Lakini kabla hatujaagana alikuwa ameshanitafutia kazi kwa watu wanaomfahamu hapa, kuendesha basi dogo la wafanyakazi wa hoteli, na hakuwaficha kitu. Aliwaambia yaliyonipata, na kwamba nianze taratibu.

Nilivyorudi, nilikuwa bado sijashika gari. Niliogopa, msidhani sikuogopa. Mtu anaweza kupona kwenye maji akaugua tena kwenye lami. Nikamfuata huyu dada aliye nyuma ya nguzo, nikamwomba radhi, nikamwomba akae pembeni yangu. Ijumaa asubuhi, Al Wakrah imelala, tukawasha gari la kuazima. Mkono ukazungusha ufunguo. Tukazunguka mtaa mmoja. Mimi nasoma dua, yeye anaita Yesu kwa sauti, mpaka nikamwambia, "Dada, punguza kidogo, utanishtua." Akaniambia, "Wewe endesha, mambo ya juu niachie." Mpaka tukafika ufukweni. Nikaegesha. Akafungua chapati alizobeba, akasema, "Si nilikuambia?" Hakuwa ameniambia kitu chochote, lakini nilimkubalia.

Leo naendesha kila siku, na nyinyi wengine mnapanda basi langu. Usiku taa zikinijia bado moyo unaruka kidogo. Naupa nafasi uruke, halafu natazama upande wangu wa barabara.

Sasa niwashukuru watu. Dada yangu Mkenya, uliyevunja siri yangu, Mungu akuweke. Mjane wa rafiki yangu, ambaye hunipigia sikukuu zote, za kwake na za kwangu. Binti wa Mzee, anayemshikia simu baba yake kila Jumapili ili tuonane, kwa maana sasa sauti yake ni ndogo na mkono hauwezi kushika. Na Mzee mwenyewe. Hajui Kiswahili, lakini mwombeeni, kila mtu kwa dini yake. Na mama yule wa kikombe cha chai, ambaye hatajua kamwe alinifanyia nini.

Na somo, kama mnataka somo, ni dogo. Sisi tuliokuja huku tumejifunza kusema niko sawa kabla hata hatujaulizwa. Tunamwambia bosi, tunamwambia mke, tunaambiana wenyewe hapa ukumbini. Hofu siyo aibu, ni ugonjwa kama mafua, na unaambiwa mtu. Ukishamwambia, usikimbilie kufanya makubwa siku hiyohiyo. Tafuta kitu kinachokwenda polepole ukifanye, mpaka mwili wako ukuamini tena.

Najua humu ndani wapo waliopata ajali. Wapo madereva wawili watatu wanaoomba zamu za kuosha magari ili wasitoke barabarani. Siwanyooshei kidole, nawajua kwa macho yao tu. Ijumaa ijayo, baada ya swala ya alfajiri, nitakuwa na gari kwenye ule uwanja mtupu nyuma ya maduka ya Al Wukair. Hakuna mtu pale, hakuna magari, ni mchanga tu. Sitakuuliza kitu. Kiti cha dereva kitakuwa wazi, mimi nitakaa pembeni, na chapati dada amesema atapika.